Katuni yangu ya mtandaoni ilikwama wiki ya 13. Nianze upya?

"Nimekuwa nikichora tangu utotoni. Mwaka jana nilianza kuchapisha mtandaoni katuni ya hadithi ndefu ya safari na siri, niliyoipangia kurasa 400. Nilianza nikiwa na kurasa 14 mkononi, nikaahidi mbili kwa wiki, zote za rangi. Ukurasa mmoja hunichukua saa 9 hivi, na tatu kati ya hizo ni za rangi. Wasomaji walianza kunitumia ujumbe, nikafurahi sana. Wiki ya 13 nikatoa ukurasa mmoja tu, iliyofuata sikutoa kitu, na sasa umepita mwezi wa saba. Nina kazi ya kutwa. Nikijitahidi napata saa 8 kwa wiki za kuchora. Rafiki zangu wanasema lazima nichapishe kila siku, la sivyo mtandao utanisahau. Mwingine anasema niachane na kurasa, nihamie mtindo wa kushuka chini kwenye simu, picha moja chini ya nyingine. Nami nikitazama kurasa za mwanzo naona aibu, natamani kuzichora upya zote. Nianze upya, niendelee, au nikubali tu kwamba sina nidhamu? (Pia mkono wa kulia huniamsha usiku kwa ganzi. Sijui kama ni kuchora.)"

Nianze na hayo uliyoyaficha kwenye mabano, maana ndiyo yenye haraka. Ganzi inayomwamsha mtu usiku, hasa ikikaa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, mara nyingi hutokana na mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Mshipa huo hupita kwenye njia nyembamba pamoja na kano zinazokunja vidole. Kano zikivimba kwa kutumikishwa, nafasi hupungua na mshipa ndio unaoumia, kwa kuwa ni laini kuliko majirani zake. Usiku hali huzidi kwa sababu wengi wetu hulala tumekunja kifundo bila kujua. Hiyo ni picha ya jumla. Mimi ni mchoraji, mkono wako sijaushika, na ganzi ya vidole inaweza pia kuanzia shingoni. Nenda kwa daktari kabla hujarudi mezani. Tatizo likikamatwa mapema, mara nyingi kifaa cha kunyoosha kifundo usiku na mapumziko hutosha. Likiachwa, misuli iliyo chini ya kidole gumba inaweza kusinyaa na nguvu isirudi yote. Utakaporuhusiwa kuchora, fanya vipindi vya nusu saa, nyanyuka, na mistari mirefu uivute kwa kiwiko na bega. Na kalamu usiikabe, haikimbii.

Sasa tuje kwenye nidhamu. Umejihukumu bila kupiga hesabu, kwa hiyo nimekupigia.

Ukurasa mmoja ni saa 9. Uliahidi mbili, yaani saa 18 kwa wiki, nawe una 8. Kila wiki ulikuwa unakamilisha ukurasa mmoja kasoro kidogo huku ukitoa mbili, na pengo, ambalo ni kama ukurasa mmoja na sehemu moja ya kumi, ukilijaza kwa kuchota kwenye zile 14. Gawa 14 kwa pengo hilo: unapata wiki 12 na nusu. Wewe ulikwama wiki ya 13. Siku ulipochapisha ukurasa wa kwanza, kwa shangwe zote zile, siku ya kukwama ilikuwa imeshapangwa. Hata mtu mwenye nidhamu ya jeshi angekwama wiki ileile, labda angeongeza mbili kwa kukata usingizi.

Kinachofanya jambo hili lifanane na uvivu ni kwamba akiba huisha kimyakimya. Wiki ya tano bado una kurasa nane au tisa, unajiona tajiri. Wiki ya tisa zimebaki nne, unasema nitafidia likizo. Wiki ya kumi na moja unachora usiku wa manane, sura za wahusika zinaanza kupinda, na msomaji mmoja anauliza mbona ukurasa huu umekaa hivi. Hapo aibu inaingia, na aibu ndiyo iliyozaa ukimya wa miezi saba, kwa maana hesabu peke yake ilikuwa inadai mapumziko ya mwezi mmoja au miwili tu.

Kuhusu kuchapisha kila siku: wanaolisema hawajalitunga. Mmarekani Howard Tayler alitoa katuni yake Schlock Mercenary kila siku kuanzia Juni 2000 hadi Julai 2020 bila kuruka hata siku moja, na mfano huo husimuliwa kama sheria. Husahaulika kwamba siku nyingi katuni ile ilikuwa safu fupi ya fremu (visanduku vya picha) chache, kwamba michoro yake ya mwanzo ilikuwa sahili mno, kwamba alikuwa na desturi ya kuweka akiba mbele, na kwamba mwaka 2004 aliacha ajira ili hiyo iwe ndiyo kazi yake. Wewe unachora kurasa nzima za rangi baada ya kazi. Hizo ni shughuli mbili tofauti zenye jina moja.

Ni kweli kwamba majukwaa huwaonyesha zaidi watu wanaoweka vitu mara kwa mara. Lakini msomaji wa hadithi ndefu hasubiri wingi, anasubiri siku. Akijua ni Jumamosi, atarudi Jumamosi. Akikuta patupu mara mbili, haji tena, hata kama Jumanne ulimwekea kurasa tatu. Na wale wanaokupenda kweli wape njia ya kupata taarifa isiyopitia kwa jukwaa lolote: orodha ya barua pepe, au mlisho wa RSS kwenye tovuti yako, unaompelekea msomaji taarifa ya kila ukurasa mpya. Jukwaa likibadili hesabu zake usiku mmoja, orodha ile itabaki kuwa yako.

Una mambo matatu ya kuchezea: gharama ya ukurasa, idadi ya kurasa kwa wiki, na urefu wa hadithi. Saa zako 8 usiziguse. Kila anayeniambia "nitatafuta muda zaidi" humaanisha usingizi.

Gharama kwanza. Rangi inakula theluthi ya ukurasa. Iondoe, ubaki na saa 6. Ongeza nusu saa ya kivuli kimoja cha kijivu ili sura zisikae bapa. Utaniambia wasomaji wamezoea rangi. Watalalamika wiki mbili. Mandhari nayo ipunguze: chora chumba chote kwenye fremu ya kwanza ya tukio, kwa uangalifu, dirisha na kabati mahali pake, halafu fremu zinazofuata ziache nyuma tupu au weka kivuli tu. Jicho la msomaji likishajua mahali, hufuata nyuso na vinywa, na chumba anakibeba mwenyewe kichwani. Ukibadilisha tukio, chora tena.

Kwa saa 6 na nusu, ukurasa mmoja kwa wiki unakuachia saa moja na nusu, yaani ukurasa wa ziada kila baada ya wiki nne au tano. Kwa mara ya kwanza akiba yako itakuwa inapanda badala ya kushuka. Hiyo ndiyo alama ya katuni itakayoishi, na mimi huitazama kabla ya kutazama mchoro wenyewe.

Tatizo ni kwamba ukurasa mmoja kwa wiki ni mateso kwenye hadithi ya safari na siri kama yako. Mtu anafungua mlango, msomaji anangoja siku saba kuona ndani. Katuni za utani haziumii kwa hilo, kwa sababu kila moja inamaliza jambo lake. Njia moja ni kuhakikisha kila ukurasa una kitu kinachogeuka: habari mpya, uamuzi, hata mtazamo wa mtu kwa mwenzake. Nyingine ni kutoa kurasa mbili pamoja kila baada ya wiki mbili. Kwako naegemea hii ya pili. Kazi ni ileile, lakini msomaji anapata tukio zima. Hasara yake ni kwamba utakuwa unaonekana mara chache, na ukikosa siku moja umekosa wiki nne.

Kabla ya kurudi hadharani, jaza akiba ya kurasa 8. Kwa mwendo mpya hizo ni wiki 6 na nusu, tuseme 7. Kisha jiwekee sharti: akiba ikishuka hadi kurasa 4, unatangaza mapumziko wakati huohuo, ukiwa bado na kitu mkononi, na unasimama tukio linapoisha. Mapumziko yaliyotangazwa wasomaji huyavumilia vizuri ajabu. Kinachowafukuza ni kutojua.

Chora kwa mafungu pia. Rasimu za penseli za kurasa nne kwa mkupuo, kisha wino wa nne zote, kisha maandishi. Ukihama kutoka penseli hadi wino hadi maandishi ndani ya jioni moja ya saa mbili, robo yake inapotea kwenye kujipanga tu. Halafu uso wa mhusika ukiuchora mara ishirini siku moja, hufanana. Ukiuchora mara tano kila wiki, hubadilika kama mwezi.

Urefu sasa, na hapa utanichukia. Kurasa 400 kwa saa 9 ni saa 3,600. Kwa saa 8 kwa wiki, hizo ni wiki 450: miaka 8 na miezi 8 bila kuugua, kuhama wala kupata mtoto. Kwa saa 6 na nusu inashuka kuwa miaka 6 na kitu. Sikwambii uiache. Nakwambia usiibebe yote kwa mpigo. Una kurasa 25 tayari. Ifumue hadithi uone kama kuna jambo linaloweza kumalizika kikweli ifikapo ukurasa wa 40: mtu anapatikana, deni linalipwa, jeraha moja linafungwa, huku lile kubwa likibaki wazi. Ni kurasa 15 zaidi, wiki 15. Ukifika hapo utakuwa na kitabu chembamba kilichokamilika, na utakuwa umejifunza kumalizia, kazi ambayo wachoraji wengi wenye mkono mzuri kuliko wangu hawajawahi kuifanya hata mara moja.

Kurasa za mwanzo usizichore upya. Aibu unayoiona haitokani na ubaya wa zile kurasa, ni kwamba mkono wako umesonga mbele. Ukizirudia zote 25, wakati unafika ya mwisho mkono utakuwa umesonga tena, na ya kwanza itakutia aibu upya. Nimejinasa mwenyewe kwenye mtego huo: sura moja nimeichora mara tatu, na hadithi yake hadi leo haina sura ya pili. Xkcd, moja ya katuni za mtandaoni zinazosomwa sana, imekuwa ikitumia watu wa vijiti tangu mwaka 2005, na hakuna anayemdai mchoraji wake, Randall Munroe, awavalishe misuli. Ninachokuruhusu kurekebisha ni kile kinachomzuia mtu kusoma. Yaani maandishi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo katuni nyingi za Kiswahili zinapoumia. Ukurasa wako wa A4 una upana wa milimita 210. Skrini ya simu ina upana wa kama milimita 65. Herufi uliyoiandika kwa milimita 4, ambayo mezani ilionekana kubwa, inafika kwa msomaji ikiwa na milimita 1 na robo. Atavuta kwa vidole aone fremu ya kwanza, atasogeza, atapotea, atafunga. Hatakuandikia kukuambia kwa nini aliondoka.

Kisha kuna Kiswahili chenyewe. Maneno yetu ni marefu kwa sababu yamebeba sentensi tumboni. "Hawakutuambia" ni herufi 13 na halina pa kupumulia. Ukiiga viputo (yale mapovu ya maneno ya wahusika) vyembamba vilivyosimama wima, vya katuni za lugha zenye maneno mafupi, utalazimika kulikata, na wengi hulikata vibaya. Chora kiputo kilicholala, kipana kuliko urefu wake. Ikibidi kukata, kata kwenye silabi, na bora zaidi mahali ambapo mdomo ungepumzika: hawaku-tuambia. Usitenganishe m na b yake.

Fonti za katuni zilizotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza zina mtego mwingine. Nyingi zina herufi I za aina mbili: yenye vijiti juu na chini, iliyokusudiwa kusimama peke yake kama neno la Kiingereza la "mimi", na isiyo na vijiti, kwa maneno mengine yote. Ile ya vijiti hutoka ukibonyeza herufi kubwa. Ukiandika MIMI kwa herufi kubwa, unapata vijiti viwili vinavyochomoza katikati ya neno kama misumari. Dawa ni kuandika kila kitu kwa herufi ndogo kwenye kibodi; fonti itakupa herufi kubwa safi. Jaribu pia neno ng'oa kabla hujaichagua fonti. Zipo ambazo alama ile huacha mwanya mpana kiasi cha kuligawa neno vipande viwili.

Na punguza maneno yenyewe. "Nimekuja kukuambia kwamba yule mzee uliyekuwa ukimtafuta kwa muda mrefu nilimwona jana usiku akivuka mto." Maneno 15, kiputo kinafunika kifua cha mhusika. Weka viputo viwili: "Yule mzee nimemwona jana usiku." Halafu chini kidogo: "Alikuwa anavuka mto." Maneno 8, na katikati kuna pumzi. Kwamba alitafutwa muda mrefu, uso wa anayesikia utasema. Viputo vipangie nafasi kwenye penseli, si mwishoni, au utajikuta unafunika mkono uliouchora kwa saa nzima. Na sauti usiazime: mtu akitumbukia majini, ni chubwi; akianguka chini, pu. Tanakali tunazo tele, na zinapendeza zikichorwa kubwa.

Kuhusu kuhamia mtindo wa kushuka chini, uliokomaa Korea Kusini na kusambaa na simu za kisasa: sikushauri sasa hivi, ingawa ni mtindo mzuri. Tofauti yake haiko kwenye umbo la faili tu. Kwenye ukurasa, jicho huona fremu zote kwa pamoja kabla ya kusoma, kwa hiyo mshtuko lazima ufichwe nyuma ya ukurasa unaofuata. Kwenye mshuko, nafasi tupu kati ya fremu ndiyo muda. Mkono juu ya kitasa, weupe, weupe zaidi, kidole kinaendelea kushuka, halafu giza la chumba. Ni nguvu ambayo ukurasa hauna. Lakini fremu tano za ukurasa wako huisha kwa sekunde chache zikishushwa, na wasomaji wa mtindo huo wamezoea makumi ya fremu kwa kila sehemu. Kwa saa 8, huna. Na ukija kutaka kitabu, itabidi upange kila kitu upya.

Fanya hivi: baki na ukurasa, lakini fremu zisizidi mbili kwa safu, kila moja na mipaka yake kamili, pasiwe na mkono unaotokeza kwenye fremu ya jirani. Kwa simu, zikate na uzipange moja chini ya nyingine. Fremu ya nusu upana ina milimita 105. Ikijaza skrini, ile herufi ya milimita 4 inakuwa milimita 2 na nusu, na inasomeka. Kurasa zako za zamani zinazokubali kukatwa, zikate. Zile zenye fremu za upana mzima ndizo uandike upya maneno yake, na si zaidi ya hapo. Majukwaa mengine hutaka picha za upana wa pikseli 800, kwa hiyo nakala ya simu itoe kwa kipimo hicho, lakini faili la asili libaki na nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 2480 kwa 3508 kwa A4, leya zote (tabaka za mchoro) zikiwa hai. Weka nakala sehemu mbili, moja nje ya nyumba unayolala.

Fedha hukuuliza, nami sitaenda mbali. Ukija kupata wachache wa kukuchangia, usiwaahidi michoro ya ziada kila mwezi; hiyo ni katuni ya pili, na saa zako ni zilezile 8. Ukipewa mkataba, kumbuka kwamba hakimiliki ni yako tangu mchoro ulipokaa kwenye karatasi: Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi zimejiunga nao, haudai usajili. Kwa hiyo mtu anayekuletea mkataba anaomba kitu ambacho tayari unacho. Ukiona maneno kuhusu haki za kipekee, tafsiri, filamu au muda usio na mwisho, mtafute mwanasheria, ukae naye ana kwa ana, mkataba ukiwa mezani. Ushauri wa kuandikiana kama huu hautoshi hapo.

Siku ya kurudi, daktari akiwa amekuruhusu na kurasa 8 zikiwa tayari, usiandike waraka wa kuomba radhi. Wasomaji wa zamani hawataki kujua ulivyojisikia mwezi wa nne, na wapya hawajui kwamba uliondoka. Andika: "Hadithi imerudi. Kurasa mbili kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi. Kama umesahau tulipoishia, anzia hapa," uweke kiungo cha tukio la mwisho, kisha chini yake ukurasa wa 26 na wa 27.